Maktaba ya sheria: kabla ya kutoa kitabu, tazama tarehe

Ukipata kazi kwenye maktaba ya kitivo cha sheria hapa Lubumbashi, watu watakuonya juu ya vumbi la kiangazi na mchwa wa wakati wa mvua. Hayo yana dawa. Rafu ziwe za chuma, zisiguse ukuta, na ile ya chini kabisa uikague mara mvua zinapoanza. Kinachosumbua zaidi ni kwamba vitabu vingi utakavyokabidhiwa vinasema mambo ambayo sheria haisemi tena, na kwa kuvitazama tu hutavitambua.

Uzee wa kitabu haukuambii kitu. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba bado inatajwa mahakamani, na kanuni ya adhabu bado ni ile ya dekreti ya 30 Januari 1940, ingawa imerekebishwa mara nyingi, hasa mwaka 2006 kuhusu makosa ya ubakaji. Kwa upande mwingine, kitabu safi cha kanuni ya madini ya 2002, chenye karatasi bado nyeupe, kinaweza kumponza mwanafunzi, kwa kuwa sheria ya 9 Machi 2018 iligusa vifungu vingi. Mrahaba wa shaba peke yake ulitoka asilimia 2 ukafika 3.5. Sasa fikiria mwanafunzi wa Lubumbashi, mji unaokula kwa shaba, anatetea memwari yake, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, na ile asilimia 2 mbele ya jopo!

Kanuni ya familia ndiyo inayotega watu kuliko zote. Ile ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria. Marekebisho ya Julai 2016 yameiondoa ruhusa hiyo: sasa mume na mke wanatakiwa wakubaliane. Namba ya kifungu ni ileile, 448, kwa hiyo anayenakili kutoka toleo la zamani hashtuki. Na kwenye sheria za makampuni, tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, ukiona silabasi bado inafundisha SPRL, aina ya kampuni ya sheria ya zamani, ujue imepigwa fotokopi kutoka kwa kaka, naye alipewa na kaka yake.

Kwa hiyo shika penseli. Ndani ya jalada la kila kitabu cha sheria andika: imerekebishwa na sheria gani, ya tarehe gani, toleo lipi la Journal officiel, gazeti rasmi la serikali. Kisha uwe na daftari moja la mkono lenye habari hizohizo. Najua una kompyuta, hata mimi ninayo, lakini umeme ukikatika saa nne asubuhi na wanafunzi wamejipanga mbele yako, daftari ndilo litakalokuokoa. Matini unayoyapata Leganet, tovuti ya sheria za Kongo, yapakue siku intaneti inapokubali, uyaweke kwenye diski, na jina la kila faili lianze na mwaka. Zile zinazoombwa kila siku zichapishe kabisa; ukifanya hivyo hata wembe wa wanaokata kurasa msimu wa memwari utapungua makali.

Mkubwa wako atakuambia utupe sheria zilizofutwa ili upate nafasi. Mkatalie kwa adabu. Mkataba uliotiwa saini zamani huweza kuhitaji kusomwa kwa sheria ya wakati wake, na mawakili watakuja kuitafuta kwako baada ya kuikosa kwingine. Zihamishie rafu ya nyuma na ubandike utepe mwekundu mgongoni. Magazeti rasmi ya zamani, yaani Bulletin officiel ya enzi ya Wabelgiji na Moniteur congolais, usiyaruhusu kabisa kutoka nje ya chumba, hata akiomba profesa. Maprofesa, kwa heshima zao zote, ndio wakopaji wagumu. Usimwambie “Profesa, umechelewesha kitabu.” Mwambie “Profesa, kuna mtoto anakihitaji kwa memwari yake, nimtume aje kukichukua?” Kitarudi.

Halafu kuna wageni wasio wanafunzi. Mama fulani ataletwa na mpwa wake anayesoma hapo, mkononi ana karatasi ya kiwanja, na sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 imeandikwa Kifaransa. “Papa, nisomee, unieleze kama nitashinda.” Msomee. Mfasirie kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, na umwonyeshe marekebisho ya 1980. Swali la kushinda usilijibu, hata kama umesoma sheria wewe mwenyewe, kwa sababu kesho atasimama mbele ya hakimu na kusema Papa wa maktaba ndiye aliyemwambia. Mpeleke kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya Baa, yaani chama cha mawakili, na umwandikie kwenye kikaratasi jina la sheria, tarehe yake na namba za vifungu, ili wakili asianze kutafuta upya.