Nyumba mbili za kiwandani, sura moja, bei tofauti: angalia nini?

Ndugu yangu, nimekuelewa: uko Texas, unataka kununua nyumba iliyojengwa kiwandani na kuletwa kiwanjani, nyumba mbili zinafanana, bei zinapishana, na kila muuzaji anasifia yake. Kabati za jikoni zisikuzuge.

Anza na sakafu. Uliza chini ya zulia ni plaiwudi au chipubodi (ubao wa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi). Chipubodi ikilowa huvimba na hairudi. Yangu ilianza kubonyea kando ya choo mwaka wa pili, na muuzaji akaruka kimanga. Kuta: mbao za inchi mbili kwa sita hushinda za mbili kwa nne, na nguzo za ndani ya ukuta ziachane inchi 16, si 24. Majibu yote yawe kwa maandishi.

Kila kipande cha nyumba kiwe na kibati chekundu cha HUD (wizara ya nyumba ya Marekani) kwa nje. Ndani, mara nyingi karibu na swichi kuu, kuna karatasi inayoonyesha ukanda wa upepo, yaani nyumba imejengwa kuhimili upepo wa eneo gani; ukanda wa 1 ndio wa upepo mdogo zaidi. Ukienda pwani, nyumba ya ukanda wa 1 haifai kabisa.

Kabla ya kusaini, lipa mkaguzi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Mwite tena ikishasimikwa, maana nyumba nzuri ikikaa upande, milango hukataa kufunga.