Anayestahili kuokolewa kwanza ni mwenye amana
Ndugu yangu, hoja yako kwamba kodi ya wananchi isitumike kabisa kuokoa benki au kiwanda kinachofilisika naikubali nusu tu. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano ndogo, zikiwemo Efatha na Benki ya Wananchi Meru, kwa kuwa mitaji yao haikutosha, na mfumo wa fedha haukutikisika. Aliyeumia ni mwenye amana, yaani mteja aliyeweka fedha zake: kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, inayowalipa wateja benki ikifungwa, wakati huo iliishia shilingi 1,500,000 kwa kila mteja, kwa hiyo muuza vitenge wa Kariakoo aliyeweka milioni 10 angelazimika kusubiri zilizobaki hadi mali za benki ziuzwe, huku mwenye fremu ya duka akidai kodi ya pango. Benki kubwa ni suala jingine, maana ikianguka mishahara na malipo ya nchi nzima hukwama. Hiyo serikali iiokoe, lakini wenye hisa wapoteze kwanza na wakurugenzi waondoke. Viwanda (na hapa najua wengi watanipinga) sivioni katika kundi hilo, kwani kiwanda kikifungwa mashine hubaki, na mnunuzi mwingine anaweza kuziwasha.