Umepewa dakika tano kumzungumzia wakili mliyesoma naye

Pole sana mkuu, wewe na wenzako wote. Umeuliza useme nini kwa niaba ya darasa kwenye mazishi ya mwenzenu aliyekuwa wakili, na muda ni dakika tano. Kwa kifupi: sema kile ambacho darasa peke yake linakijua. Familia itasoma wasifu, mawakili wenzake watazungumzia kazi. Nawe ukianza na mwaka wa kuzaliwa na orodha ya vyeo, waombolezaji watasikia tarehe zilezile mara tatu, na kuna hatari yako ndiyo iwe na kosa.

Dakika tano kwa mtu mwenye majonzi ni maneno 400 hadi 450, basi. Maneno yetu ni marefu na sauti ya msibani haikimbii. Soma kwa sauti huku ukitazama saa. Ukimaliza kwa dakika nne na nusu uko pazuri, kwa sababu siku yenyewe utakwama mahali angalau mara moja.

Kwenye grupu usiulize "Mnamkumbukaje?" Utaletewa "alale pema" hamsini na hakuna hata moja ya kusoma. Uliza vitu vya kushikika: nani alikaa naye dawati moja? Jina lake la utani lilianzaje? Alipokosana na mwalimu, alijiteteaje? Wape siku mbili. Kisha fanya kama ambavyo marehemu, akiwa wakili, angefanya, yaani kisa kisicho na mashahidi wawili kiweke kando. Kumbukumbu za shule huhama. Kisa cha mmoja huja kuvishwa mwingine, na aliyekuwepo anakusikiliza pale mbele. Bakiza kisa kimoja, viwili vikizidi sana.

"Marehemu alikuwa na bidii, mcheshi na mpenda haki" inaweza kusomwa kwenye msiba wowote. Linganisha na hii, ambayo ni ya mfano tu: "Mtihani ukikaribia aliandika maswali kumi nyuma ya daftari, akawapa wa dawati la nyuma wajibu kwanza. Wakishajibu alipinga kila jibu, hata lililo sahihi, mpaka mtu alitetee." Hapo wakili ameshaonekana bila kutajwa.

Sasa sehemu inayowaumbua wengi: kesi. Siri ya mteja ni mali ya mteja, kwa hiyo haifi na wakili wake. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1998 iliamua kwamba kwa kawaida siri hiyo inaendelea kulindwa hata mteja mwenyewe akishafariki. Kwa hiyo mwanadarasa aliyetetewa na marehemu kwenye talaka au ugomvi wa shamba asiombe uisimulie kesi yake jukwaani. Yeye ana haki ya kutoa siri yake, lakini aliyekuwa upande wa pili hajaombwa ruhusa, na akiitwa mwongo hadharani anaweza kukushtaki. Kesi ambayo bado iko mahakamani usiiguse kabisa. Iliyokwisha na hukumu yake ikatolewa hadharani unaweza kuitaja, ila uliza kwanza ofisini kwake nani aliiongoza. Kesi kubwa huendeshwa na mawakili kadhaa, na kumpa mmoja ushindi wote kunawachoma waliobaki. Kama alitetea washtakiwa wa jinai, kumbuka pia kwamba ndugu wa waathirika wanaweza kuwa wamekaa palepale.

Hakiki na cheo. Mwanasheria ni aliyesomea sheria. Wakili ni yule aliyekubaliwa na kuandikishwa kuwakilisha watu mahakamani. Mwendesha mashtaka na hakimu ni habari nyingine kabisa. Ukichanganya mbele ya umati wa mawakili, hawatakukatiza, ila hawatasikia sentensi mbili zinazofuata. Jina lake kamili lichukue kwa msemaji wa familia, lilivyoandikwa, na muulize kama jina la utani linaruhusiwa. Mengine yalikuwa matamu kidato cha pili tu.

Chapisha kwenye karatasi, herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja, kila ukurasa na namba yake, na aya isikatike katikati kwenda ukurasa wa pili. Usisomee kwenye simu: kioo hujizima, jua hukifuta, na ujumbe unaingia unapofika pagumu. Mpe mwenzako nakala na asimame karibu. Mkubaliane mapema kwamba ukinyamaza kwa pumzi tatu, anaendelea kuanzia mwanzo wa aya hiyohiyo, bila kukuuliza.

Jambo la pembeni, lakini litakufika. Watu watakuvuta kando kuuliza jalada lao au hati ya nyumba iliyokuwa ofisini kwa marehemu. Usiahidi chochote, wala usitangaze kwenye kipaza sauti bila familia na ofisi kukutuma. Waelekeze kwa mawakili wenzake ofisini; kama alifanya kazi peke yake, waende kwenye chama cha mawakili. Waambie wasisubiri matanga yaishe, maana kifo cha wakili hakisimamishi chenyewe muda wa kukata rufaa.

Nakala safi ya hotuba, yenye majina ya waliochangia visa, ikabidhi familia siku hiyohiyo. Vile visa ulivyoacha kwa kukosa muda, vibandike nyuma yake.