Mwalimu, walioshinda pamoja waligombania nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marekani, Uingereza na Wasovieti walimshinda Hitler pamoja mwaka 1945. Miaka mitatu tu baadaye Wasovieti wakaifungia Berlin Magharibi njia. Kitabu chetu kinasema ni "tofauti za kiitikadi", basi. Waligombania nini hasa? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Itikadi zilikuwepo tangu mapinduzi ya Urusi ya 1917, na hazikuwazuia kupigana bega kwa bega. Wewe anza na mkate.

Wasovieti walipoteza watu wapatao milioni 27. Kwao, Mjerumani alipaswa kulipa, wakang'oa mashine viwandani, hata reli, wakapeleka kwao. Siwezi kuwalaumu kwa uchungu ule.

Mwingereza naye alishinda vita akabaki hana kitu. Julai 1946 mkate ukaanza kugawiwa kwa kadi nchini mwake, jambo ambalo halikufanyika hata wakati wa mabomu, huku akitakiwa kuwalisha Wajerumani wa kanda yake, yaani sehemu ya Ujerumani aliyopewa kuitawala washindi walipoigawana. Ukata huohuo ulifika hapo jirani yenu, Kongwa, mwaka 1947: karanga zilimwe ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Marehemu baba yangu aling'oa visiki pale, na baadhi ya matrekta yao yaliundwa kutokana na vifaru vya vita.

Mzigo ulipomshinda, Mwingereza akaunganisha kanda yake na ya Mmarekani, Januari 1947. Mmarekani hesabu yake ilikuwa nyepesi: viwanda vya Ujerumani visipofanya kazi, yeye atalisha watu hao mpaka lini? Sasa tazama, mwanangu. Huyu anang'oa mashine, yule anataka izunguke, na mashine ni ileile. Juni 1948 kanda za magharibi zikatoa sarafu mpya, Deutsche Mark. Stalin, kiongozi wa Wasovieti, akaona Ujerumani nyingine inazaliwa bila yeye. Berlin ilikuwa ndani ya kanda yake, basi tarehe 24 Juni barabara, reli na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi ikafungwa, na ndani mna watu zaidi ya milioni 2.

Mmarekani na Mwingereza wakaamua kuulisha mji kwa ndege. Niliwahi kufika Tempelhof, uwanja wa Berlin Magharibi zilikotua ndege hizo za msaada. Siku hizi ni bustani. Watoto wanaendesha baiskeli kwenye njia ya kurukia. Wengi hukumbuka chokoleti ambazo marubani waliwadondoshea watoto. Mimi nilisimama pale nikiwaza makaa ya mawe. Katika tani kama milioni 2.3 zilizopelekwa, karibu theluthi mbili zilikuwa makaa. Makaa kwa ndege, gunia kwa gunia, usiku na mchana! Na baadhi ya marubani walioyaleta walikuwa wameumwagia mji huohuo mabomu miaka michache tu nyuma. Hilo hunigusa kila nikilifundisha.

Njia zilifunguliwa tarehe 12 Mei 1949. Siku 11 baadaye Ujerumani Magharibi ikawa na katiba yake, na Oktoba ile ya Mashariki nayo ikatangazwa.