Muulize Fundi: Marafiki zangu wana vipaji, mimi nabaki na mzuka tu

*Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu, nina miaka 24. Nina marafiki watatu ambao Mungu amewajalia. Mmoja anachora, mwingine ni mwalimu wa kwaya na anatunga nyimbo mwenyewe, wa tatu tulijifunza naye kushona na sasa ana wateja mpaka Mbeya mjini. Nikikaa nao napata mzuka kwelikweli, lakini nikirudi kwenye cherehani yangu natoa sketi za solo zilezile, zile pana za kuchanua. Juzi nimeshona mkono wa marinda kama ule wa rafiki yangu fundi, mteja akaniambia mbele za watu, "Huyu umemwiga." Nimeona aibu. Niwe nao mbali kidogo ili nipate cha kwangu?*
*N., Tukuyu*

Marahaba mwanangu. Usikae nao mbali. Ukijitenga utabaki wewe na simu, na simu itakuonyesha mishono mia kabla chai haijapoa, wala hutamwona hata fundi mmoja akikosea.

Ninavyoona, kwa marafiki zako unaenda kama mgeni. Unakaribishwa, unapewa kiti, unaonyeshwa picha iliyokwisha kukauka, unasikia wimbo uliokwisha kuimbwa Jumapili. Unasifu, unaaga. Kazi iliyokamilika inafurahisha macho, ila haisemi ilitokeaje, ndiyo maana mzuka wako unaishia stendi. Nenda siku ambayo kazi bado imechafuka mezani.

Nikueleze nilichokiona kwa Wakisi, wale wafinyanzi wa kando ya Ziwa Nyasa, maana kwako si mbali, unashuka tu kuelekea Kyela. Vyungu vyao huku Mwanjelwa, Mbeya mjini, tunavijua, vile vyepesi vyenye michoro myekundu. Wengi tunaishia kuvinunua, au tukifika Matema tunakwenda gulioni Lyulilo, tunabishana bei na kuondoka. Mimi nilipanda mtumbwi hadi Ikombe, nikamwomba mama mmoja nikae karibu naye anapofinyanga. Hakunikatalia, ila alinipa udongo niukande, mgeni asije akakaa bure. Alifinyanga kuanzia juu: mdomo, shingo, tumbo. Mikono yake ilikuwa na haraka kuliko yangu kwenye overloki. Kisha, pale nilipodhani atamalizia kitako, akakiacha. Akakisogeza kivulini, akashika donge jingine. Nikamuuliza mbona hakimalizi. Akasema udongo bado una maji, ukiukwangua sasa utanywea, lazima ukae kwanza. Baadaye sana alikirudia, akakigeuza na kukikwangua kitako kwa wembamba ule tunaoushangaa sokoni.

Sasa wewe unashona solo. Kitambaa kilichokatwa mshazari hujivuta kikashuka, tena si sawasawa pande zote. Ukikunja pindo siku ileile, mteja akivaa mara mbili tu, upande mmoja unachungulia goti na mwingine unafagia chini. Tangu nirudi kutoka Ikombe, sketi zangu za namna hiyo hulala zimetundikwa usiku kucha, asubuhi ndipo nasawazisha na kukunja pindo. Nilifundishwa hivyo zamani chuoni nikaona ni usumbufu wa walimu. Mfinyanzi ndiye aliyenifanya niamini. Wala sijawahi kushona gauni lenye umbo la chungu.

Kwa hiyo kwa yule wa kwaya, usisubiri Jumapili. Nenda jioni ya mazoezi, siku ya wimbo mpya, ukae benchi la nyuma. Utaona sauti ya nne inagoma, sauti ya kwanza wanapiga kelele mahali palipoandikwa taratibu, na rafiki yako anafuta mstari mzima alioukeshea, kwa sababu makoo aliyonayo hayaufikii. Angalia anafuta nini na anabakiza nini. Anatunga kwa waimbaji waliopo Tukuyu, kama wewe unavyopaswa kumkatia gauni mama aliyesimama mbele yako, mwenye mabega yake na tumbo lake, badala ya yule mwembamba wa kwenye kalenda ya mishono.

Mchoraji ni rahisi. Kaa naye anapochanganya rangi, siku ukienda kununua vitenge mwombe muende wote, umwache achague.

Tuje kwa huyu wa tatu. Umempitia haraka kwenye barua, lakini nadhani ndiye aliyekufanya uandike. Mlianza pamoja, yeye ana wateja Mbeya mjini, wewe bado. Wivu huo hauna dawa ya kuambiwa "usijilinganishe". Utajilinganisha tu, mko soko moja. Ninachokushauri ni kumwendea msimu wa harusi, wakati kazi zimemzidi, umwambie, "Nipe za kumalizia." Vifungo, pindo, pasi. Mkubaliane malipo kabisa, undugu usiharibike. Ukiwa pembeni yake utaona anavyopima, wapi anakata kwa kujiamini na wapi anasita, mteja mkorofi anamjibuje. Huenda ukagundua kwamba mishono yake ni ya kawaida na anachokuzidi ni kutimiza ahadi ya Ijumaa. Mimi hilo lisingenishangaza.

Na lile neno la "umemwiga". Mwenzetu wa kusini, Edward Said Tingatinga, alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye mbao nyembamba za dari, kwa rangi za kupaka baiskeli. Picha zilipopata wanunuzi, ndugu na vijana walimzunguka wakajifunza kwake, akina Simon Mpata, January Linda na Omari Amonde. Waliiga waziwazi, mwalimu akiwaangalia. Yeye alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, na mtindo haukufa naye kwa sababu wale waliokuwa wakimwiga walikuwa wameshika brashi. Leo wachoraji wanaofuata njia ile ni wengi mno, na anayezijua picha hizo humtambua huyu na yule kwa mkono wake.

Walimwiga mbele yake, mwanangu. Wewe umeshona ule mkono kimyakimya, ndiyo maana neno la mteja lilikuchoma. Mwambie rafiki yako leo hii, "Mkono wako wa marinda nimeujaribu, umenisumbua hapa begani." Atakuonyesha, au atacheka. Mteja akiuliza, mtaje: "Huu nimejifunza kwa fulani." Halafu endelea kuushona. Ukifika gauni la nne au la tano utachoka na marinda mengi kiasi hicho, utapunguza, utahamishia kwenye kiwiko, na hapo hakuna atakayekuuliza umetoa wapi.

*Mama Fundi, rafiki yangu mshairi hunipigia simu saa tano usiku anisomee shairi jipya, na anataka nimsifu palepale. Ni mzuri kweli, lakini nina mtoto mchanga. Nisemeje nisimvunje moyo?*
*Baba K., Makambako*

Baba K., hongera kwa mtoto. Mwambie akutumie shairi kwa maandishi, utalisoma asubuhi na kumpigia wewe. Ukimpigia, mtajie ubeti mmoja uliokukaa kichwani na mmoja uliokuacha njiani, basi. Sifa za saa tano usiku hata yeye anajua zimetoka kwa mtu anayetaka kulala. Akinuna siku mbili, mwache anune. Watunzi wananuna kwa vina, na wakirudi wanakuja na shairi bora zaidi, pengine kukusema wewe.