Karatasi Niliyoandika Nikiwa na Miaka 11

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: je, mzazi anayelimbikiza deni la matunzo ya mtoto afungwe? Nilijibu kwa sauti hata kabla sijamaliza kusoma: afungwe. Nilipokaa kuandika sababu, kila nikitaka kueleza habari za jela najikuta nimerudi kwenye benchi la mbao, nje ya geti la kazini kwa baba.

Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka 8. Mahakama iliamuru baba atoe kiasi fulani kila mwezi, na kwa mwaka mmoja alitoa. Halafu ikawa njoo leo, njoo kesho. Mama alimfuata mara mbili, akaambiwa mbele ya watu kwamba anatafuta hela za kujipamba. Hakwenda tena. Akaanza kunituma mimi. Simlaumu, ilikuwa ama anitume ama tukose.

Nilikuwa nafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nimevaa sare ya shule iliyopigwa pasi, kola amegeuza mama ili palipochanika pasionekane. Mlinzi alinijua. Alikuwa akinisogezea benchi kivulini bila kusema neno. Wafanyakazi wakitoka, nilitazama viatu vyao, maana nyuso nilizionea aibu. Viatu vya baba vilikuwa vyeusi, kisigino cha kulia kimelika upande. Mwezi wa tatu havikupita. Mwezi wa nne havikupita. Mlinzi ndiye aliyeninong'oneza kwamba kuna mlango wa nyuma.

Mwezi wa tano baba akatokea. Alinishika bega, akaniuliza habari za mitihani, nami nikafurahi mno, siwezi kuficha. Akafungua pochi, akahesabu hela za mwezi mmoja, zilizobaki akazirudisha mfukoni. Kisha akachana ukurasa wa daftari langu la hesabu, akaniambia nitoe kalamu. Akanisomea neno kwa neno: "Nimepokea matunzo ya mwezi wa tatu, wa nne na wa tano." Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikaweka jina na tarehe. Akanisifu mwandiko.

Mama alipopeleka maombi ya kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe baba kulipa, karatasi ile ililetwa mahakamani kuwa kielelezo. Akaulizwa kama anautambua mwandiko. Akasema ndiyo, ni wa mwanangu. Miezi miwili ikafutwa kwenye deni. Tulirudi nyumbani kwa miguu na hakunigombeza. Aliniuliza tu kama baba alikuwa mkali aliponiambia niandike. Nikasema hapana, alikuwa mpole.

Kwa hiyo mimi swali langu ni jingine kidogo: nani anayekwenda kudai? Deni la benki lina watu wanaolipwa mshahara kulifuatilia. Deni la mtoto linafuatiliwa na mama aliyechoka, au na mtoto mwenyewe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 27, unazitaka nchi zichukue hatua zote zinazofaa ili matunzo yapatikane kutoka kwa mzazi, awe ndani ya nchi au ng'ambo. Wajibu huo umepewa nchi, haukupewa mtoto wa miaka 11. Marekani, sheria ya 1996 ilitaka kila jimbo liwe na kituo cha kupokea malipo haya na kuyagawa. Mwajiri anakata kwenye mshahara, hela zinapita hapo, kumbukumbu inabaki. Ujerumani, mzazi asipolipa, serikali hutoa kiwango cha chini kwanza, kisha yenyewe ndiyo inayomfuata mdaiwa. Tangu 2017 mtoto anaweza kupata fedha hizo hadi afikishe miaka 18. Kwa utaratibu wa namna hiyo hakuna ambaye angehitaji kalamu yangu.

Najua kukata mshahara hakumgusi mtu wa vibarua, leo yuko hapa, kesho kule. Na hapo ndipo lile "afungwe" lilipoanza kunilegea mkononi. Katika kesi ya Turner dhidi ya Rogers, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2011 kwamba baba mmoja aliyefungwa miezi 12 kwa deni la matunzo hakutendewa haki, kwa kuwa hakuna aliyepima na kutamka kama alikuwa na uwezo wa kulipa. Asiye nacho ukimfunga, anapoteza hata kibarua, na mtoto anazidi kukosa. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na kila mara nimeshindwa kulipinga.

Basi kama mnataka jibu moja: asifungwe kwanza. Wakate mshahara, washike akaunti, wamnyime pasipoti kama Marekani wanavyofanya deni likizidi dola 2,500. Aliyepoteza kazi arudi mahakamani mapema amri ibadilishwe, asingoje deni limzidi kimo. Na risiti yoyote yenye mwandiko wa mtoto isipokelewe popote.

Nilidhani nitaishia hapo. Lakini baba hakuwa mtu wa vibarua, na hela zilizobaki kwenye pochi niliziona kwa macho yangu. Aliye nacho akaficha, akamtumia mtoto kufuta deni la mtoto huyo huyo, kwake nalirudia neno langu la kwanza: afungwe. Ingawa mngeniuliza siku ile, nimekaa pale kwenye benchi, ningesema hapana, kwa hofu kwamba vile viatu havitapita tena.