Kliniki ya tiba ya michezo kupokea maveterani wa Marekani: kazi iko kwenye kibali

Mkuu, umeuliza kama kliniki yako ya tiba ya michezo hapo Texas inaweza kupokea wagonjwa wanaolipiwa na Idara ya Maveterani (VA). Inaweza, ila mlango wa kubisha si wa VA. Maveterani wanaotibiwa nje ya hospitali za VA hupitia mtandao wa Community Care Network, ulioanza baada ya sheria ya MISSION ya 2018. Umegawanywa kanda 5, zinazoendeshwa na kampuni mbili: Optum inashika ya 1 hadi ya 3, TriWest ya 4 na ya 5. Texas iko ya 4, kwa hiyo mkataba na madai ya malipo ni TriWest.

Kabla ya kuomba, kagua namba ya fani kwenye NPI yako (namba ya kitaifa ya mtoa huduma). Daktari wa familia aliyebobea michezo ni 207QS0010X; mpasuaji wa mifupa wa michezo, 207XX0005X; mfiziotherapia wa michezo, 2251S0007X. Jina na anwani zifanane herufi kwa herufi kwenye NPI, CAQH (hifadhi ya mtandaoni ya vyeti vya watoa huduma) na fomu ya kodi, maana maombi mengi hukwama kwa kitu kidogo kama namba ya chumba.

Hayo ni makaratasi tu. Kinachowaumiza watu wa michezo ni mazoea: mchezaji anaingia na goti limevimba, saa hiyohiyo unapiga ultrasaundi, unachoma sindano, unampangia mazoezi. Kwa veterani huwezi. Hospitali ya VA hutoa rufaa yenye namba, tarehe za mwanzo na mwisho, na orodha ya huduma zilizoidhinishwa. Kisichomo humo, hata kama ni sahihi kitabibu, ukikifanya huenda usilipwe.

Ukihitaji zaidi, jaza fomu 10-10172, ambatisha maelezo ya mgonjwa, weka saini, kisha itume kwa hospitali ya VA iliyotoa rufaa. Ukiipeleka TriWest umepoteza muda. Kumhamishia mgonjwa kwa mpasuaji rafiki yako nako kunataka fomu hiyohiyo. Kwa fiziotherapia, omba nyongeza wakati bado vipindi vimebaki. Aliyeunganishwa kano ya goti akikaa wiki tatu bila mazoezi akisubiri jibu, goti linakakamaa na mnarudi nyuma wote wawili.

Dawa za dharura mwisho siku 14, za jamii ya afyuni siku 7 au pungufu kama sheria ya jimbo inabana zaidi. Nyingine zote zinapita famasi ya VA. Vifaa vya kushikilia goti visivyo vya dharura usimuuzie mgonjwa, viombe VA.

Dai lifike ndani ya siku 180 tangu siku ya huduma, likiwa na namba ya rufaa. Usimtoze veterani hata senti: kama anadaiwa mchango, VA itamtoza yenyewe. Ripoti ya kwanza irudi VA ndani ya siku 30, na HSRM, mfumo wa mtandaoni wa VA wa rufaa, ndiyo njia nyepesi.

Halafu usitegemee foleni kwa sababu tu umesaini. Kwa daktari bingwa, veterani kwa kawaida hupata sifa ya kutibiwa nje ya VA akitakiwa kusubiri zaidi ya siku 28 au kuendesha gari zaidi ya dakika 60. Piga simu ofisi ya Community Care (inayotoa rufaa za nje) ya hospitali ya VA iliyo karibu, uwaambie unatibu nini na nafasi zako ni siku zipi.